Chumba cha Mchoraji Kisifagiliwe Kabla ya Kuorodheshwa

Kila inapokaribia Siku ya Makumbusho Duniani, tarehe 18 Mei, ofisi yetu hapa Mtwara hupokea familia zinazotaka nyumba ya mzee wao aliyekuwa mchoraji igeuzwe makumbusho. Nia hiyo tunaiheshimu. Tatizo ni kwamba familia nyingi hufika baada ya chumba cha kazi kufagiliwa, makopo kutupwa na ukuta kupakwa chokaa ili wageni wakute pasafi, yaani baada ya kuondolewa kile ambacho wageni wangekuja kukiona.

Katika nyumba moja wilayani Masasi niliyoitwa kuikagua, kilichosalia ni ubao wa pembeni mwa mlango ambao marehemu aliufanya pa kupangusia brashi. Rangi ya mafuta imegandamana juu yake tabaka kwa tabaka, na chini kabisa ipo nyekundu isiyoonekana katika mchoro wowote uliobaki mikononi mwa familia. Ubao huo ulikuwa umekwisha kutengwa kwa ajili ya kuni.

Wenzetu wa jumba la sanaa la Hugh Lane mjini Dublin, Ireland, walipopewa chumba cha kazi cha mchoraji Francis Bacon mwaka 1998, waliwaita wanaakiolojia wakachora ramani ya mahali pa kila kitu, wakaorodhesha vitu zaidi ya 7,000, kisha wakahamisha kutoka London milango, kuta na hata vumbi. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, naye alifilisika mwaka 1656; maofisa wakaandika mali yake chumba kwa chumba, jumla ya vipengele 363, na orodha hiyo ya mali ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuirudishia sura nyumba yake ya Amsterdam, ambayo ni makumbusho tangu 1911.

Kwa hiyo anzeni na orodha. Pigeni picha chumba kizima kabla ya kugusa chochote, kisha kila kitu peke yake kikiwa na rula pembeni. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi wa pamba. Isiandikwe juu ya mchoro wala isibandikwe kwa gundi. Andikeni kilikuwa wapi na kiligusana na nini, na wanafamilia wawili watie saini.

Upande wa mirathi, hatupokei kitu kutoka kwa mtu asiye msimamizi, hata akiwa mtoto wa kwanza. Ukoo ukae kikao na kuandika muhtasari, maombi yapelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na uthibitisho wa kifo, na msimamizi akishateuliwa awasilishe mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa barua ya mtendaji wa kijiji kana kwamba inatosha. Haitoshi.

Wapo pia wanaoogopa kwamba wakituita Serikali itawanyang'anya nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na nyumba za wachoraji wetu ni za juzi tu. Nyumba kama hiyo hulindwa pale Waziri anapoitangaza katika Gazeti la Serikali. Ikishatangazwa, kuibomoa au kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa mwenye nyumba.

Jambo la hakimiliki husahauliwa kabisa. Hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuuza mchoro si kuuza hakimiliki. George Lilanga, mchoraji na mtoto wa kusini huku aliyewatoa mashetani wa vinyago vya Kimakonde kwenye mpingo na kuwaweka kwenye rangi, alifariki mwaka 2005, hivyo haki katika kazi zake zinaendelea hadi mwisho wa 2055. Anayechapisha michoro ya marehemu kwenye fulana bila ruhusa ya warithi anaweza kushtakiwa.

Mkiona mchwa, msipulize dawa juu ya mchoro. Uinueni kutoka sakafuni, uwekeni juu ya matofali mbali na ukuta, andikeni mlikoutoa, kisha mje ofisini na picha mlizopiga.