Wa tatu, nikiwa na miaka arobaini na moja

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, tumekaa nyuma ya nyumba hapa Nkuhungu, Dodoma, tunabangua karanga za kutia kwenye mlenda. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kutibiwa macho. Akapepeta ungo mara mbili, maganda yakaruka, akasema bila kuniangalia: "Mwanangu, hawa wasichana wawili Mungu awakuze. Ila nyumba inataka na jogoo. Bado una nguvu."

Jirani yetu akadakia: "Mama, mwache mwenzio. Ana arobaini na moja huyu. Akizaa saa hizi atazaa mtoto wa ajabu."

Wakabishana juu ya tumbo langu hadi karanga zikaisha, kama vile mimi ni shamba na mvua inanukia. Mimi nilikuwa kimya, maana swali lenyewe tulikuwa tunalipiga danadana mimi na mume wangu tangu Pasaka. Toka siku ile nimesoma, nimeuliza kliniki, nimepima. Mengi niliyoambiwa, ya kunitia moyo na ya kunitisha, yalikuwa ya uongo. Na mambo mazito kuliko yote hakuna aliyeyataja pale kwenye ungo.

"Ukivuka thelathini na tano, mlango umefungwa"

Mlango huu ungekuwa unafungwa siku moja tungelala usingizi. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Akivunja ungo yamebaki kama laki tatu hadi nne, na hakuna mapya yatakayotengenezwa. Uwezo wa kushika mimba huanza kushuka polepole kwenye miaka 32 hivi, na baada ya 37 mteremko unakuwa mkali. Mwanamke wa miaka 30 mwenye afya njema, kila mwezi anaojaribu, ana nafasi kama 20 kati ya 100. Akifika 40 nafasi hiyo iko chini ya 5 kati ya 100. Ndogo, lakini ipo, na wanaoidharau ndio wanaojikuta wanabeba bila kupanga.

Kinachofuata ni hesabu ya muda. Aliye chini ya miaka 35 hushauriwa kujaribu mwaka mzima kabla ya kwenda kuchunguzwa. Kuanzia 35 ni miezi sita. Aliyefika 40 aende mapema tu, asisubiri.

"Kwetu tunazaa mpaka karibu na hamsini"

Huu ndio msimamo wa mama mkwe. Ushahidi wake ni mama yake mzazi, aliyemzaa kitinda mimba, anasema, akiwa na miaka 48. Sikubishana naye, ila nilimuuliza bibi alizaliwa lini. "Mwaka wa Mtunya." Sasa Mtunya, ile njaa kubwa iliyoimaliza Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, haikuwa ya msimu mmoja. Ukihesabia mwanzo wake au mwisho wake, 48 inaweza kuwa 45 kirahisi. Na hata kama ni 48 kamili, bibi tunamsimulia kwa sababu alipata. Wenzake waliotafuta wakakosa hakuna anayewasimulia, wala zile mimba zilizotoka mwezi wa pili na mwenyewe akanyamaza. Baada ya miaka 40 kiasi cha mimba moja kati ya tatu, au zaidi ya hapo, huharibika. Kwenye 45 inazidi nusu. Sababu kubwa ni yai lenyewe kuzeeka, si kubeba ndoo wala kijicho cha wifi.

Ndiyo maana hata upandikizaji wa mimba, ambao siku hizi watu wanautaja kama vile ni duka la kununua mtoto, hauurudishi umri wa yai nyuma. Mwanamke wa miaka 44 anayetumia mayai yake mwenyewe, mara nyingi sana humaliza fedha na kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Mtoto wa uzeeni lazima awe na kasoro"

Hapa jirani yangu alikuwa na chembe ya ukweli, akaipuliza mpaka ikawa puto. Hali ya Down sindromu, yaani mtoto kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, huongezeka kweli kadiri mama anavyozidi umri: kwa mama wa miaka 25 ni kama mtoto 1 kati ya 1,250, miaka 35, 1 kati ya 350, miaka 40, 1 kati ya 100, miaka 45, 1 kati ya 30. Isome hiyo ya 40 kutoka upande wa pili: watoto 99 kati ya 100 hawana hali hiyo. Tena watoto wengi wenye Down sindromu wamezaliwa na akina mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa wengi. Na hilo neno "wa ajabu" aliache. Mtaani kwetu yupo kijana mwenye hali hiyo anayejua jina la kila mwenye kioski na anayemdai nani.

Ila swali lenyewe ni halali, na ni la kujibiwa kabla ya mimba: mkiambiwa mtoto wenu ana hali hiyo, mtafanyaje? Utrasaundi ya kati ya wiki ya 11 na ya 13 inaweza kutoa dalili, lakini dalili si jibu kamili. Wanandoa wasiolizungumza hili mapema hulizungumzia kwenye benchi la hospitali, na benchi si mahali pake.

"Jaribu tena, zamu hii atakuwa wa kiume"

Jinsia huamuliwa na mbegu ya baba, na kila mimba inaanza upya: nusu kwa nusu, kwa makadirio. Wasichana wawili waliotangulia hawana deni la kulipa. Nililisema hili mezani na mume wangu akatazama sahani.

"Mwanamume hazeeki"

Kutazama kwake sahani kukanipa mwanya. Mume wangu ana 47, na katika mjadala wote wa ungo umri wake haukutajwa hata mara moja. Ni kweli mwanamume hutengeneza mbegu mpya maisha yake yote. Mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Lakini chembe zinazozitengeneza zinajinakili miaka nenda miaka rudi, na kila kunakili kuna makosa madogo. Baba mwenye umri mkubwa humpitishia mtoto makosa mapya mengi zaidi kuliko kijana. Baada ya miaka 40 na kitu mimba pia huchelewa kuingia na hatari ya kutoka huongezeka kiasi. Sigara, kisukari na uzito huzidisha hapo.

Katika ndoa zinazohangaika kupata mtoto, karibu nusu yao tatizo liko kwa mwanamume, liwe peke yake au pamoja na la mke. Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakina maumivu. Pamoja na hayo, ninawajua wanawake waliopita kwa waganga wa Bahi mpaka Kondoa kabla mume hajakubali kuingia maabara kwa dakika kumi.

"Wawili walitoka bila shida, wa tatu atateleza"

Huu uongo ndio niliouamini mimi mwenyewe. Nilizaa wa kwanza nikiwa na 26, wa pili nikiwa na 30, wote kwa njia ya kawaida. Nikajiona mzoefu.

Nilipokwenda kliniki kuuliza tu, nesi alinifunga mkanda wa presha kabla ya salamu kuisha. Mashine ikavuma, ikalegea: 142 kwa 91. Akaitazama, akanitazama. "Dada, umekuja kwa mguu?" Nikamwambia nimeshuka kwenye bodaboda na kukimbilia foleni. Akaniambia nikae, nisiongee, nisishike simu, miguu chini. Baada ya dakika kumi: 126 kwa 82. Akaandika zote mbili kwenye daftari, akapiga mstari chini ya ile ya kwanza. "Tutarudia wiki ijayo na wiki inayofuata. Mwili uliozaa miaka kumi na moja iliyopita si huu ulioleta leo."

Hilo ndilo lililonikaa. Baada ya 35, na zaidi baada ya 40, presha ya mimba na kisukari cha mimba huongezeka, kondo la nyuma kukaa chini huongezeka, na upasuaji pia. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni kengele, kwa sababu ndiyo inayofungua njia ya kifafa cha mimba. Aliye na hatari kubwa daktari anaweza kumwanzishia dozi ndogo ya aspirini baada ya wiki ya 12. Si ya kujinunulia. Kwa waliozaa watano na kuendelea, mji wa mimba unaweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na damu ya hapo haingoji gari litoke Chamwino. Mwenye mshono wa upasuaji wa zamani ana maswali yake ya ziada. Kwa hiyo mpango wa kujifungulia uwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, hata kama wa kwanza alizaliwa zahanati kabla mkunga hajavaa glovu.

Lakini upasuaji si lazima kwa sababu ya umri peke yake. Hilo nalo liwe wazi.

Nesi alinipa na kazi moja ndogo: foliki asidi, vitamini inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto kufunga, miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha kujikinga mpaka wiki ya 12. Wengi huanza kuimeza wakati uti wa mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshindwa kufunga.

"Vijiti vimekula kizazi"

Havili. Kijiti na kitanzi vya uzazi wa mpango vikitolewa, uwezo unarudi mara moja, ule wa umri wako wa leo, siyo wa siku ulipoviweka. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha: kwa wastani miezi kama 10 tangu ya mwisho. Mwenye miaka 28 atasubiri. Mwenye 41 aihesabu. Kufunga mirija ni jambo lingine, hilo lichukulie kuwa la kudumu.

Na kinyume chake, hedhi zikianza kuyumba usitupe vidonge. Ukomo wa hedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 bila damu, na aliye chini ya miaka 50 hushauriwa kujikinga mpaka miaka miwili itimie. Watoto wengi wanaoitwa "zawadi ya uzeeni" waliingia kwenye pengo hilo.

"Mtoto huja na riziki yake"

Mama mkwe alilisema hili akifunga kanga, kama mtu anayefunga kikao. Mimi ni mtumishi wa umma, kila asubuhi naelekea ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali. Mume wangu pia. Likizo ya uzazi haikunisumbua: sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 84 kwa malipo, 100 ukizaa pacha (na pacha huongezeka kidogo kadiri mama anavyozidi umri, mjiandae), na mwajiri analazimika kuitoa kwa uzazi mara nne. Elimu bila ada nayo inafika mpaka kidato cha sita siku hizi, ingawa mzazi yeyote anajua sare, daftari na nauli haviko humo.

Kilichotusumbua ni 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Usiku mmoja, watoto wamelala, mume wangu alichukua bahasha ya khaki akachora safu tatu nyuma yake: baba, mama, mtoto. Mtoto akizaliwa mwakani: 48, 42, 0. Baba akistaafu: 60, 54, 12. Mama akistaafu: 66, 60, 18. Yaani baba anachukua mafao mtoto akiwa anamaliza shule ya msingi, na chuo kikuu kinaanza wote wawili tukiwa nyumbani. Tulizitazama zile namba muda mrefu. Akasema, "Kile kiwanja cha Ihumwa hatutakijenga." Nikasema, "Au tutakijenga chumba kimoja kimoja." Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Tukazima taa.

Asubuhi nilikuta bahasha mezani, imebanwa kwa kopo la sukari. Pembeni ya mstari wa 60, 54, 12, mtu alikuwa ameongeza safu ya nne kwa wino wa kijani, ule wa kalamu za binti yetu mkubwa: 28. Chini yake ameandika, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande: "Huyu ni mimi. Mngeniuliza."