Uzi wa Sufu Usio na Sufu: Yanayosemwa Kuhusu Kushona, Kufuma na Kusuka

Juni ikiingia, Mbeya hubadilika sura. Mizula, yaani kofia za kufuma za baridi, inatoka sandukuni, mabibi wanajifunga blanketi juu ya kitenge, na simu yangu haitulii. Kila mtu anataka sweta, na analitaka kesho. Nafuma na kushona hapa Uyole, na nimejifunza kwamba oda haiji peke yake, huja na maneno. Yapo ya kudharau ("si kazi za bibi zetu hizo?") na yapo ya kusifu kupita kiasi. Ajabu ni kwamba yanayonitia hasara zaidi ni hayo ya sifa.

“Ukifuma mwenyewe unapata sweta kwa bei ya chee”

Tuhesabu. Sweta la mtu mzima, uzi wa unene wa kati, linakula gramu 400 hadi 600. Kwa hela ya uzi huo, ukienda soko la Mwanjelwa siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa, unarudi na sweta la mtumba, pengine mawili. Bado hatujagusa muda. Mkono uliozoea, bila mashine, unamaliza sweta la mtu mzima kwa saa 30 hadi 50. Mteja mmoja aliniambia, “Lakini dada, si unakaa tu unafuma huku unapiga stori?” Ni kweli napiga stori. Ila mdomo haufumi.

Kwa hiyo anayefuma ili abane matumizi, aanze na vitu vidogo: mzula, soksi, sweta la kichanga. Hapo uzi ni kidogo, tena hata mabaki ya kazi nyingine yanatosha.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni kununua mtumba kwa ajili ya uzi wake. Unachagua sweta kubwa lenye uzi mzuri, unalifumua, unafuma upya. Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Ligeuze ndani nje. Ukikuta pindo limekatwa kwa mkasi kisha likapigwa overloki, liache hapo hapo, maana kila mstari umeshakatwa na utabaki na vipande vifupi visivyofaa. Ukikuta vipande viwili vyenye ukingo mzima vimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, umepata. Fumua mshono, anzia juu, vuta. Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uuning'inize na kitu kizito kidogo kwa chini. Ukikauka, umenyooka.

“Huu ni uzi wa sufu”

Muuza duka husema hivyo, mteja husema hivyo, hata mimi zamani nilisema. Wengine wanasema “sufi”, na hapo tunapotea kabisa: sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo. Madonge mengi tunayouziwa hayana sufi wala sufu. Soma karatasi iliyozungushiwa donge, utakuta ni akriliki, jamaa wa plastiki aliyetengenezwa kiwandani. Na kondoo wetu wengi wa kienyeji, hawa tunaopishana nao njia ya kwenda Makete, wana nywele fupi zisizosokoteka kuwa uzi wa maana.

Kama karatasi haipo, choma kipande cha urefu wa kidole, ukikishika kwa koleo juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huwaka kwa shida na hujizima, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi. Akriliki huwaka haraka, huyeyuka, na huacha kidonge cheusi kigumu.

Siidharau akriliki. Kwa sweta la shule linalofuliwa kila Jumamosi ndiyo inayofaa, kwa sababu hairudi, yaani haisinyai ikifuliwa, na haisumbui. Sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, vigamba vidogo vilivyo juu ya kila unywele hushikana, na sweta la baba linamtosha mtoto wa chekechea. Balaa la akriliki ni moto. Pasi ikizidi joto, sweta linalegea na halirudi tena umbo lake. Na cheche ikiruka kutoka kwenye jiko la mkaa, uzi huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Huku kwetu watu wanaota moto na watoto mgongoni, kwa hiyo hili nalisema kwa kila anayechukua sweta, hata akikunja uso.

“Likiwa zito ndiyo lina joto”

Si uzito. Kinachokutunzia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Sweta lililokazwa likawa gumu kama mkeka linaweza kukupa joto kidogo kuliko lile jepesi lenye uzi uliovimba. Lakini hewa hiyo upepo ukiipitia inaondoka, ndiyo maana sweta peke yake juu ya pikipiki saa kumi na mbili asubuhi halisaidii kitu. Vaa koti jepesi lisilopitisha upepo juu yake. Sufu ina faida moja zaidi: hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na kwa ukungu wetu hilo si jambo dogo.

“Sihitaji kupima, mkono wangu nimeuzoea”

Sentensi hii ni yangu mwenyewe. Nilimfumia mjomba sweta la kifua sentimita 100. Nilijua kwamba kwa sindano za milimita 4 napata vitanzi 22 kwenye kila sentimita 10, nikaanzisha vitanzi 220 na kazi ikaenda. Sikujali kwamba uzi ulikuwa wa aina nyingine, wenye utelezi, na mkono ulikuwa unalegea. Nilikuwa natoa vitanzi 20. Pigeni hesabu: 220 gawanya kwa 20, mara 10, ni sentimita 110. Vitanzi viwili tu vilileta sentimita kumi za ziada. Mjomba alilivaa kwa heshima, akisema litamfaa akinenepa.

Siku hizi nafuma kwanza kipande cha sentimita 15 kwa 15, nakifua, nakikausha, ndipo nahesabu katikati yake. Kukifua ni lazima, maana uzi mwingine hutanuka ukilowa.

“Kitenge kipya hakifuliwi kabla ya kushonwa, kitapoteza upya”

Hapa ndipo mafundi tunapogombana na wateja. Ule ugumu na mng'aro wa kitenge kipya sehemu kubwa ni wanga uliopakwa kiwandani. Utatoka tu, ukitaka usitake. Swali ni utoke kabla gauni halijakatwa au baada. Pamba ikilowa mara ya kwanza hurudi, na kitambaa kikirudi ndani ya gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mwili, anayelaumiwa ni fundi: “kanibania kitambaa.”

Nguo inayojipinda mwilini nayo ina kesi kama hiyo. Umevaa sketi, mshono wa ubavu unahamia mbele ya goti. Watu hudhani fundi kashona vibaya. Mara nyingi kashona sawa ila kakata vibaya. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo, na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Kipande kikilazwa upande kidogo ili kitenge kitoshe, nyuzi zinakaa mshazari, na ukifua mara mbili tatu kila uzi unadai njia yake. Mteja anayeleta yadi pungufu halafu anataka gauni la marinda asishangae. Kukata mshazari kwa makusudi ni jambo lingine, linapendeza sana kwenye sketi ya kuchanua, ila linakula kitambaa.

“Loweka kwenye chumvi, hakitachuja”

Bibi yangu alifanya hivyo, mama akafanya, na mimi nilifanya miaka mingi bila kuuliza. Chumvi ina kazi yake kweli, lakini ni wakati wa kutia rangi: baadhi ya rangi za pamba huingia vizuri zaidi kwenye uzi zikiwekewa chumvi. Anayetengeneza batiki anaijua. Khanga iliyokwisha kutoka kiwandani haipati tena faida hiyo. Kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushika, na dawa yake ni kuisuuza kwa maji baridi, peke yake, mara tatu nne hadi maji yatoke meupe. Siki ni vilevile, haisaidii pamba. Na kwa kuwa ya khanga na kitenge nimeyataja: wanaosema kitenge cha nta ni asili ya Afrika tangu enzi wanasahau kwamba ufundi wenyewe uliigwa na Waholanzi kutoka batiki ya Java. Kampuni ya vitenge ya Vlisco, ya Helmond kule Uholanzi, ipo tangu mwaka 1846. Haipunguzi uzuri wake, na wala sijaacha kuvaa.

“Kufuma ni kazi ya wanawake”

Pita kwenye baraza za maduka ya vitambaa, hesabu waliokaa kwenye cherehani. Ni wanaume tu, au karibu wote. Kabla ya nguo za madukani kutufikia, Wafipa na Wanyiha, majirani zetu wa upande wa Rukwa na Mbozi, walisokota pamba na kufuma nguo zao wenyewe, na wafumaji walikuwa wanaume. Na mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa na mwanamume, William Lee wa Uingereza, mwaka 1589. Kijana wangu anafuma mizula. Wenzake walimcheka hadi baridi ya Julai ilipobisha hodi.

“Vitambaa vya makochi vya dukani vimetoka kiwandani”

Kama ni krosha halisi, ya sindano moja yenye ndoano, kuna mtu aliyeikalia. Mashine za viwandani zinazoigiza krosha hutoa mfumo mwingine kabisa wa vitanzi, ukiuangalia kwa karibu utauona. Kwa hiyo ukiona seti nzima kwa bei ya soda mbili, ujue kuna mahali mtu kalipwa kidogo mno.

“Kikapu cha Iringa ni nyasi tu, kikilowa kimekwisha”

Vikapu hivi husukwa na wanawake wa Kihehe kwa milulu, inayoota kwenye maeneo ya majimaji, ikavunwa na kuanikwa. Ni mmea uliozoea maji. Hata wakati wa kusuka hulainishwa kwa maji kwanza, maana mikavu huvunjika ukiipinda. Usukaji wenyewe si wa kupitisha juu na chini kama mkeka: nyuzi mbili hukumbatia kila uti na kupishana, ndiyo maana kikapu kinasimama wima bila kushikizwa. Kinachokiua ni unyevu wa kukaa. Kimechafuka? Kifute kwa kitambaa chenye maji, kiache penye upepo, kivulini, kwani jua kali linapausha rangi. Kimebonyea kwenye basi? Kinyunyizie maji, kijaze matambara, kiache usiku mmoja. Asubuhi kimerudi umbo lake.

“Zawadi ya mkono ni ya asiye na hela”

Baada ya hesabu za sweta hapo juu, hili nimelijibu.

“Nguo ya mtoto ya kufumwa kwa mkono ni salama kuliko ya dukani”

Hili ndilo la sifa linalonitisha. Mkono hauleti usalama wenyewe. Kifungo kilichoshikizwa kwa uzi mmoja kinang'oka, na kichanga hupeleka kila kitu mdomoni. Shonea kila kifungo mara nyingi, kisha kivute kwa nguvu kuliko unavyodhani mtoto angevuta, au weka kamba fupi isiyofika shingoni. Matundu makubwa ya mapambo kwenye sweta hukamata vidole. Na hatari ambayo wazazi wengi hawaijui ni ndani ya soksi na glavu: uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza, damu ikazuiwa kupita, na mtoto akalia usiku kucha watu wakidhani ni tumbo. Mtoto akilia bila sababu, vua soksi, angalia kila kidole.

Kwa hiyo kila ninapopeleka soksi kwa mzazi, naigeuza ndani nje mbele ya wenyeji, napitisha kidole kila kona, nakata ncha zote. Siku moja kule Igawilo, hapa hapa Mbeya, bibi wa mtoto mmoja alinitazama muda mrefu, kisha akamwuliza mkwewe kwa sauti ya chini kama kuna hela nimeisahau humo ndani.