Kilichomuua Mfalme Aleksandar wa Serbia hakikuwa kisasi cha ukoo

Wengi husimulia mauaji ya Mfalme Aleksandar Obrenović na mkewe Draga, yaliyotokea Belgrade usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 1903, kana kwamba ukoo wa Karađorđević, mahasimu wa ukoo wa Obrenović katika kugombea kiti cha Serbia, ulikuja kudai damu ya babu yao, Karađorđe, aliyeuawa mwaka 1817 kwa amri ya Miloš Obrenović. Uhasama huo ulikuwepo kweli, lakini haukuwa chanzo.

Walioingia ikulu walikuwa maofisa wa jeshi la mfalme mwenyewe, na manung'uniko yao yalikuwa ya wakati ule: mishahara iliyocheleweshwa, katiba iliyosimamishwa usiku mmoja wa mwaka huohuo, kwa muda usiozidi saa moja, ili mfalme awaondoe maseneta na majaji asiowataka, na ndoa ya mwaka 1900 na Draga, mjane aliyemzidi umri, iliyofuatiwa na tangazo la mimba isiyokuwepo na uvumi kwamba kaka wa Draga angerithishwa kiti. Maofisa walipekua vyumba kwa karibu saa mbili kabla ya kuwakuta wawili hao wamejificha katika kijichumba kando ya chumba cha kulala. Miili yao ikatupwa nje kupitia dirishani. Kuuita ukatili huu kisasi cha kale ni kuwapunguzia wauaji lawama wanayostahili.

Petar Karađorđević alikuwa Geneva. Waliokula njama waliwasiliana naye, ila njama ilikuwa yao, na taji alipewa na bunge siku chache baadaye. Kiongozi wao mmoja, Dragutin Dimitrijević, alipigwa risasi mwaka 1917 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Serbia, chini ya ukoo uleule anaodhaniwa kuutumikia.