Je, wajua kwa nini sukuma wiki hupoteza rangi ikipikwa sana?

Jioni hapa Nairobi utamkuta mama mboga na fungu la sukuma mkononi, kisu kinakwenda mbio, vipande vyembamba kama nyuzi, na wala hatazami anachokata. Ifikishe nyumbani, itie kwenye sufuria ya mafuta na kitunguu: dakika ya kwanza inazidi kung'aa. Jibu simu kidogo, ukirudi imegeuka rangi ya matope.

Ule mng'ao wa kwanza ni habari ya hewa tu. Joto hufukuza hewa iliyojificha baina ya seli za jani, na ukijani ukaonekana wazi. Kisa chenyewe kinaanza baadaye.

Rangi ya jani ni klorofili, jina walilolibuni wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, mwaka 1817. Molekuli yake ina kichwa mfano wa pete, na katikati ya pete imekaa atomu moja ya magnesiamu. Hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu, wa kijani ikauachia, nao ndio unaotufikia machoni. Lakini seli hiyohiyo ina asidi, iliyofungiwa kwenye vifuko vyake. Moto ukivipasua, asidi inamwagika, hidrojeni inaing'oa magnesiamu na kukalia nafasi yake. Kinachobaki huitwa feofitini, nacho ni kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Nyanya nayo ina asidi yake, kwa hiyo mimi huiacha iive kwanza, sukuma iingie mwisho, dakika chache, bila kifuniko ili asidi zinazopaa na mvuke zitoke.

Bibi zetu walikuwa na dawa nyingine: magadi. Magadi huua asidi, magnesiamu ikabaki mahali pake na mboga ikabaki kijani. Ila majani hulainika kupita kiasi, na vitamini C nyingi hupotea. Kwenye kunde ngumu nakubali. Kwenye sukuma, hapana.

Sasa, mchezo huohuo wa asidi hutumiwa na watafiti wa maji ya ziwani, na kwa makusudi. Wakitaka kujua maji ya Ziwa Naivasha, kwa mfano, yana mwani kiasi gani, vile vijimea vya kijani vinavyoelea majini, huyachuja, huloweka kichujio kwenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha rangi, hadi klorofili itoke, kisha hupima mwanga mwekundu unaonyonywa, wa urefu wa wimbi wa nanomita 665 hivi. Shida ni kwamba feofitini ya mwani uliokufa hunyonya mwanga huohuo, na wafu wangehesabiwa pamoja na walio hai.

Mwaka 1967 mtafiti Lorenzen alichapisha hesabu ya kuwatenganisha. Unapima, unadondosha asidi kidogo, unapima tena. Klorofili nzima ikipoteza magnesiamu, kipimo hushuka: cha kwanza huwa kama mara 1.7 ya cha pili. Feofitini haina magnesiamu ya kupoteza, hivyo vipimo viwili hutoka sawa, uwiano ukawa 1. Ile sukuma uliyoisahau ukijibu simu, ukiipeleka maabara baada ya kuiva hivyo, itakaribia hiyo 1.