Miligramu sio kazi: tuelewane kuhusu G6PD ya kwenye tyubu

Sasa hii imezidi. Kuna mtu mwingine tena kanitumia wasapu, eti "kaka, tumeweka nanogramu 100 za G6PD ya binadamu kama mlivyoweka nyie huko Bagamoyo, mbona namba zetu ziko chini, spektro yetu mbovu nini?" Spektro, yani mashine ya kupima mwanga, haina kosa jamani. G6PD ni enzaimu inayosaidia kulinda chembe nyekundu za damu, na hapa nazungumzia ile ya kutengenezwa maabara. Mmepima uzito mkadhani mmepima kazi.

Miligramu inakwambia humo ndani kuna protini kiasi gani, basi, haikwambii ngapi bado hai. Nenda pale ufukweni sokoni, kilo ya changu aliyetoka majini sasa hivi na kilo ya changu aliyeshinda juani, mizani inasoma kilo moja zote mbili. Angalia yuniti, yani maikromoli ngapi zinageuzwa kwa dakika. G6PD ikifanya kazi inageuza NADP kuwa NADPH, na NADPH inameza mwanga wa nanomita 340. Kwenye 340 hiyo, kuveti (kikombe cha kupimia) ya sentimita 1, ujazo wa mililita 1, mstari ukipanda 0.0622 kwa dakika hiyo ni yuniti 0.01, kwa hiyo kama uliweka nanogramu 100 una yuniti 100 kwa miligramu. Hesabu ndo hiyo tu. Na usome yale maandishi madogo, joto gani, pH gani, maana yuniti ya nyuzi 25 sio yuniti ya 37.

"Lakini lebo inasema usafi asilimia 95!" Hapa ndo presha inanipanda. Hiyo 95 mara nyingi imetoka kwenye jeli ya SDS (sabuni inayotumika kutenganisha protini kwa ukubwa), na SDS inafumua kila kitu, protini iliyo hai na iliyokufa zote zinakaa mstari mmoja pale karibu kilodalton 59. Wakati G6PD ikiwa kipande kimoja kimoja haifanyi kazi, inataka viwili vishikane au vinne, na kinachosaidia kuvishikisha ni NADP iliyokaa mbali na pale kazi inapofanyika. Sasa mtu anazimua enzaimu kwa bafa (maji yanayoshikilia pH) tupu isiyo na NADP, anaiacha mezani anaenda kuswali adhuhuri, anapitia na wali wa nazi, akirudi vipande vishaachana. Kwenye jeli bado mrembo, kwenye 340 mstari umelala, halafu lawama kwa spektro.

Ile 5 iliyobaki nayo usiidharau. Hii enzaimu kwa kawaida inatengenezwa ndani ya E. coli (bakteria) waliopandikizwa jeni ya binadamu (hakuna damu ya mtu humo, msinianzishie habari za mumiani), na E. coli naye ana G6PD yake mwenyewe. Ikiponyoka kidogo ikapita kolamu ya nikeli ya kusafishia, unasoma bakteria unaandika binadamu. Wajanja wanatumia E. coli waliofutiwa jeni yao, ile zwf. Kaangalie kama karatasi ya bidhaa imesema, mimi nyingi nilizoziona zimekaa kimya.

Kuilinganisha na damu ndo balaa zaidi. Kwenye damu iliyopasuliwa, mazao ya G6PD yanaenda kwa 6PGD, enzaimu inayofuata, nayo inatoa NADPH nyingine, ukizembea unahesabu kazi ya wawili kama ya mmoja. Tena huku pwani wenye A- (aina ya G6PD yenye upungufu wa kurithi) sio wachache, na ubaya wa A- ni kwamba inachoka mapema ndani ya chembe nyekundu, chembe yenyewe inaishi siku kama 120 na haina uwezo wa kutengeneza enzaimu mpya. Kwa hiyo A- ya kutengenezwa iliyotoka friza asubuhi inaweza kukupa namba ya kutia moyo, mtu akarukia kusema mgonjwa ataihimili primakwini, dawa ya malaria inayoweza kupasua chembe za wenye upungufu wa G6PD. Aisee usithubutu, ile enzaimu ya friza ni ya utafiti.

Kuna kitu hata mimi kinanisumbua. Ukiizimua sana nguvu inashuka hata kama NADP ipo, nikitia albumini ya ng'ombe inatulia. Inanata kwenye plastiki ya tyubu, au vipande vinaachana kwa kuwa vimekuwa vichache? Nahisi yote mawili, ila kuapa siapi. Na albumini hiyo hiyo ukiitia kabla hujapima protini inakuvurugia kipimo, kwa hiyo pima kwanza, ndo uitie, na uandike kwenye tyubu kwamba umeitia, kwa wino usiofutika na barafu tafadhali.