Kidonda Kimepona, Tabia Imebadilika: Jeraha la Kichwa na Gamba la Ubongo

Miezi michache baada ya ajali ya bodaboda, nyuzi zimeshatolewa, majeruhi anatembea, anaongea, anakula vizuri. Ndugu wanamleta kliniki na malalamiko ambayo hayamo kwenye barua ya rufaa. Alikuwa mpole, sasa anafoka kwa jambo dogo. Alikuwa mtu wa akiba, sasa akishika pesa asubuhi, jioni hana kitu. Anamtolea mama mkwe maneno ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiyatamka. Au yupo yupo tu, haogi mpaka aambiwe, anakaa barazani mchana kutwa na hata simu haimshughulishi.

Wengi wanafika kwetu wakiwa wameshazunguka kwa waganga. Wengine wameshaamua kwamba ni jeuri, au uvivu, au bangi, na hapo ndipo ndoa nyingi huvunjika. Inaniuma kila ninapoliona hili, kwa sababu mara nyingi tabia hiyo ni dalili ya jeraha la ubongo, kama vile kuchechemea kulivyo dalili ya jeraha la mguu. Mgonjwa hakuichagua.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Umefunikwa na tabaka la kijivu liitwalo gamba la ubongo, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu, lililojikunja sana hivi kwamba karibu theluthi mbili yake imejificha ndani ya mikunjo. Kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 zilizomo katika ubongo mzima, takriban bilioni 16 ziko kwenye gamba hili. Sehemu zake zimegawana kazi, ingawa zinasaidiana muda wote. Kisogoni ni kuona. Pembeni, usawa wa masikio, ni kusikia. Ukanda unaopita utosini kutoka sikio hadi sikio unashughulikia mguso na mwendo wa viungo, upande wa kulia wa ubongo ukiongoza mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto ukiongoza wa kulia.

Lugha, kwa watu wengi, iko kushoto. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha sehemu ya mbele upande wa kushoto. Familia za wagonjwa wa kiharusi wanaijua hali hiyo: baba anasikia, anaelewa, macho yanajaa machozi kwa kushindwa kutamka, na watu wanamsemea kana kwamba amekuwa mtoto.

Kiharusi cha upande wa kulia kina mambo yake. Mgonjwa anaweza kula ugali wa nusu moja ya sahani, nusu ya kulia, kisha akalalamika kwamba hakushiba na hajawekewa mboga. Mboga ipo, iko kushoto. Macho ni mazima, lakini gamba la ubongo limeacha kuushughulikia ule upande. Ukiizungusha sahani, anaendelea kula. Tunawafundisha ndugu jambo hilo dogo, na ugomvi wa chakula unapungua nyumbani.

Turudi kwenye tabia. Nyuma ya paji la uso kuna eneo kubwa ambalo kazi yake haionekani kwa macho: kupanga, kusubiri, kukumbuka ulichokuwa unakwenda kufanya, kulizuia neno kabla halijatoka, kupima aliye mbele yako ni nani na mnazungumza wapi. Kila siku unalitumia bila kujua. Kondakta anakujibu ovyo, hasira inapanda, lakini unanyamaza kwa sababu una watoto na unawahi kazini. Hasira na hofu huamshwa haraka na sehemu zilizo ndani zaidi ya ubongo. Gamba la mbele ndilo linalozipima na kuzituliza. Ndiyo maana mtu aliyekesha huwa mkali asubuhi, na aliyelewa huongea asiyopaswa kuongea: usingizi ukikosekana au pombe ikizidi, eneo hili hulegea mapema. Pia ndilo linalochelewa kukomaa kuliko mengine, hadi miaka ya ishirini na kitu. Vijana wengi tunaowapokea kutoka barabarani wameumia katika sehemu ambayo ilikuwa bado inajengeka.

Mgonjwa aliyewafungua macho madaktari kuhusu jambo hili alikuwa Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na miaka 25, baruti ililipuka na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 ukapenya chini ya shavu la kushoto ukatokea juu ya kichwa. Baada ya dakika chache alikuwa anaongea. Daktari wake, John Harlow, alimuuguza mpaka akapona vidonda, lakini akaandika kwamba mtu aliyekuwa makini na mwaminifu kazini amekuwa mwenye matusi, kigeugeu, asiye na subira, na waajiri wake wakakataa kumrudishia kazi. Sehemu ya pili ya habari hii husimuliwa mara chache, nami naiona ndiyo muhimu zaidi kwa familia: baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka ratiba na uangalifu. Alifariki 1860 kutokana na degedege. Hakurudi vile vile, lakini alipiga hatua, na inaelekea kazi yenye utaratibu ule ule kila siku ilimsaidia.

Watu huniuliza: mbona mgonjwa wetu wa bodaboda fuvu halikuvunjika? Si lazima livunjike. Kichwa kinapogota lami, ubongo unaendelea kusogea ndani, na sehemu ya chini ya gamba la mbele inajikwaruza kwenye mfupa wenye miinuko ulio juu ya macho. Nyuzi nyembamba za neva za kunusa zinapita hapo hapo, na hukatika. Kwa hiyo tukisikia kwamba mgonjwa siku hizi hasikii harufu ya chakula kinachoungua jikoni, tunaanza kuuliza kuhusu tabia. Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, inaweza kuonekana safi kabisa na tatizo likawepo.

Kipo kipimo kimoja ambacho napenda ndugu wakishuhudie. Namwambia mgonjwa: nikigonga meza mara moja, nawe gonga mara moja, nikigonga mara mbili, usigonge. Anairudia kanuni bila kosa. Kisha nagonga mara mbili, na mkono wake unagonga. Anajiona amekosea, anasikitika, tunarudia, unagonga tena. Mke anayeshuhudia hilo huelewa zaidi kuliko kwa maelezo yangu yote: kujua anajua, breki ndiyo haishiki.

Nyumbani, mabishano marefu hayasaidii. Mpe maelekezo mafupi, moja baada ya jingine. Amke, aoge, ale na alale saa zile zile. Andika kazi za siku kwenye karatasi ibandikwe ukutani. Akianza kupandisha hasira, punguza kelele, toa watoto chumbani, ubishi uachwe. Pesa nyingi azishike mtu mwingine kwa muda, kwa makubaliano na kwa heshima. Yule wa kukaa tu asisubiriwe ajisikie kufanya. Anzisha naye, mara nyingi ataendelea. Pombe aache kabisa, kwani huzidisha kila tatizo nililolitaja na inaweza kuchochea degedege. Pikipiki asirudi nayo barabarani mpaka apimwe.

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, degedege, mkono au mguu kulegea, au majimaji maangavu kama maji yanayotoka puani au masikioni baada ya ajali, hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Siku ya kliniki, mgonjwa asije peke yake. Mwenyewe mara nyingi haoni mabadiliko, atasema yuko salama. Aje na mtu aliyeishi naye kabla ya ajali, na mtu huyo asione aibu kutaja matusi, pesa au mambo ya chumbani.