Kukwangua rangi kuukuu kwenye milango na madirisha ya mbao: dhana potofu na ukweli wake

Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mombasa na Lamu, si ajabu kukuta mlango uliopakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi nakshi zake zimefumbika. Mwenye nyumba anapotaka mbao zionekane tena, ushauri anaopewa mtaani mara nyingi humharibia mlango, na wakati mwingine humdhuru yeye na watoto wake.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba rangi ikishakauka haina sumu tena. Ina chembe ya kweli, kwa kuwa rangi iliyoshika vizuri haimdhuru mtu anayepita mlangoni. Hata hivyo, rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi, zistahimili jua na mvua, na ziwe kali kwa macho, hasa za njano na nyekundu. Msasa unapopita juu yake, madini hayo hugeuka vumbi laini linalotua sakafuni, kwenye godoro na katika vyombo. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo umri mdogo wa nyumba si kinga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mtoto anayetambaa hana haja ya kula rangi. Kulamba vidole kunatosha.

Fundi atakwambia kitambaa puani kinatosha. Hakitoshi, kwa sababu vumbi hili hupenya kwenye nyuzi. Inahitajika barakoa ya daraja la FFP3 au P100, yaani ya kuchuja vumbi laini kabisa, inayobana uso pande zote, na mwenye ndevu nyingi ajue kwamba haitambana. Lililo muhimu zaidi ni kutolitimua vumbi lenyewe: rangi ilowanishwe kwa chupa ya kupulizia maji, itumike msasa wa maji, chini kutandikwe karatasi ya nailoni, watoto na kuku waondolewe, na kazi ikiisha sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mashine ya umeme ya kusugulia isiyo na kifyonza vumbi maalumu isiletwe kabisa kwenye kazi hii, hata kama fundi anaidai kwa sababu ya haraka.

Wapo wanaoamini kwamba moto ndiyo njia safi, kwa kuwa hauleti vumbi. Moto wa gesi huigeuza risasi kuwa moshi unaovutwa hadi ndani ya mapafu, huunguza mbao na kupasua vioo. Cheche ikiingia nyuma ya fremu, penye viota na takataka kavu, inaweza kufuka kwa saa kadhaa kabla ya kuwaka, wakati fundi ameshakwenda zake.

Kuhusu kostiki soda, sifa yake ya kung'oa rangi ni ya kweli; kinachosahaulika ni gharama yake. Huupa msaji weusi, hulegeza gundi ya viungo na huzitimua nyuzi za mbao, na mabaki yake yasiposuuzwa vizuri hubandua rangi mpya. Dawa za dukani za kutolea rangi nazo hazilingani. Zenye methilini kloridi hubadilika mwilini kuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, na zimewaua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa. Marekani ilizuia kuuzwa kwake kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Kabla ya kulipa, soma maandishi ya kopo.

Dhana ya mwisho naiona kuwa ndiyo chanzo cha nyingine zote, nayo ni kwamba lazima rangi yote itoke hadi mbao zibaki tupu. Rangi iliyoshika inaweza kuoshwa, kusuguliwa kwa maji na kupakwa upya, ikakwanguliwa pale tu inapobanduka. Kwenye nakshi, patasi na brashi ya waya hula kingo za maua yaliyochongwa na kukwaruza njumu za shaba. Heri dawa nzito ya kupaka, iachwe ilainishe rangi, kisha rangi itolewe taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Jaribu kwanza sehemu ndogo upande wa ndani, karibu na kizingiti. Na kwa aliye Mji Mkongwe, mlango wa kale si wake peke yake kuuamulia: aulize kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Magamba ya rangi na maji machafu yakusanywe kwenye mifuko na madumu yanayofungwa, yasimwagwe shambani wala karibu na kisima. Mbao za madirisha yaliyong'olewa zisiishie jikoni kama kuni, kwa kuwa risasi haiteketei kwa moto: sehemu yake hupanda na moshi, na iliyobaki hukaa katika majivu ambayo baadhi ya watu huyatumia kusugulia masufuria.